Revolva Yangu na Yale Mafuta ya Mama

Baba yangu uliyebaki kwenye udongo wa kambi ya Nyarugusu,

Sijui kama huko uliko habari za huku zinafika, kwa hiyo naanza na zile ndogo. Mama ni mzima. Goti lake la kushoto linamsumbua wakati wa baridi, na hapa wakati wa baridi ni kama mwaka mzima. Binti yako Esperance amenipita urefu. Unamsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, halafu anacheka kicheko chako kile cha puani, hata Mama anageuka kuangalia ni nani. Tunakaa mji unaoitwa Inver Grove Heights, ghorofa ya pili. Ukisimama dirishani unaona miti, na nyuma ya miti kuna mto. Januari sehemu nyingine za mto zinaganda mpaka watu wanabeba viti wanaenda kukaa juu yake na kuvua samaki. Mama anasema huko ni kuukosea mto heshima.

Kuandika bado sijui vizuri, unajua shule niliishia wapi. Naongea kwenye simu, yenyewe inaandika, halafu Esperance anapitia. Basi kama kuna neno limekaa vibaya, ni la simu. Likikaa vizuri, ni la Esperance.

Habari kubwa ni hii: nimenunua bunduki.

Tulia kwanza, nikueleze.

Unakumbuka depo ya sabuni kule Bukavu? Mimi nakumbuka harufu yake kuliko ninavyokumbuka nyumba yetu. Nilikuwa nakuletea chakula, wewe umekaa kwenye kile kiti cha mbao mlangoni, na ile bunduki ndefu ya patron, mwenye depo, iko magotini. Mti wake ulikuwa umepasuka, umeufunga na mpira wa baiskeli. Avenyu nzima walikuita Zamu. Ni wachache waliojua jina lako. Hata mimi nikipita waliniita mtoto wa Zamu, na mimi nilijua zamu ni mtu, ni mtu anayekaa mlangoni ili wengine walale.

Nimefika huku, nikapata kazi ya ulinzi Plymouth, kwenye ghala la dawa. Kuna Mkenya mmoja nafanya naye, anaitwa Kamau. Siku ya kwanza aliniuliza baba yangu alifanya kazi gani, nikamwambia alikuwa zamu. Akaniangalia, akaniambia, "Buda, zamu ni shifti. Mtu hawezi kuwa shifti." Nikamwambia kwetu anakuwa. Akacheka siku nzima. Mpaka leo akinisalimia anasema, "Sema, mtoto wa shifti." Namwacha tu. Ana roho nzuri, na akiwa na chai kwenye chupa yake lazima anigawie.

Sasa nikwambie jambo ambalo nimetembea nalo toka utoto. Ile jioni watu walipokuja kuiba depo. Jua lilikuwa bado liko juu ya ziwa. Mimi sikuwepo, nilikukuta nyumbani umekaa kitandani, mikono yako inatetemeka, na Mama amekushikia kikombe ili unywe. Nilisimama kwenye pazia. Ulinikuta nakuangalia ukaniita. Ulisema maneno machache sana. "Nilivuta, mwanangu. Haikutoka." Halafu ukasema, "Leo nimesimama na fimbo."

Wale watu walikimbia kwa sababu waliiona imenyanyuliwa. Hawakujua. Wewe ndiye ulijua, na kesho yake ukaenda kukaa mlangoni tena na ile ile, maana patron alisema haina shida, wewe ndiye hujui kuvuta. Nilikuwa mdogo lakini nilielewa kwamba baba yangu anaenda kazini na kitu asichokiamini, na mtu pekee anayejua ukiacha wewe na Mama ni mimi. Nilikuwa naogopa hata kuongea na watoto wenzangu, nisije nikasema.

Basi mwaka huu pale Plymouth ilitoka nafasi. Ulinzi wa mchana, mlango wa mbele, na lazima uwe na silaha. Mimi nilikuwa wa geti la nyuma, bila silaha. Shifti yangu ilikuwa ile inayobaki baada ya wengine kuchagua, wiki hii usiku, wiki ijayo jioni. Nafasi ya mchana maana yake nikitoka kazini, jioni naweza kwenda darasani Saint Paul, kule wanakofundisha watu wazima kusoma. Nimelitaka lile darasa kwa muda mrefu. Nilishajiandikisha nikaacha, nikajiandikisha tena nikaacha, shifti zinanitoa kila mara. Masharti ya ile nafasi yalikuwa mawili: ulete silaha yako mwenyewe iliyo nzuri, na upite mtihani wa shabaha. Ukishindwa unarudia mara moja tu. Ukishindwa tena wanamchukua mwingine.

Kibali cha polisi nilikipata. Ikabaki silaha.

Kuna duka moja la bunduki nje kidogo ya mji. Niliingia pale mara nyingi bila kusema neno. Mara ya kwanza nilijifanya natafuta soksi za kuwindia, ikabidi nizinunue kweli, Mama anazivaa mpaka leo. Mara nyingine nilisimama kwenye kioo nikawaangalia watu wanavyoshika, wanavyouliza. Nilikuwa naangalia mikono yao. Wengine walikuwa wanashika kama wanapigwa picha. Anayeuza ni mama mmoja mzee, nywele nyeupe amezikata fupi, miwani inaning'inia kwenye kamba, kucha nyeusi kwa grisi. Siku moja hakusubiri niondoke. Akaniuliza naitaka ya nini.

Nilikuwa nimepanga maneno mengi kichwani. Yakapotea yote. Nikasema, "Nataka nikivuta, itoke."

Hakucheka. Alishusha miwani puani, akaenda nyuma, akarudi na revolva.

Kamau alikuwa ameshanitumia picha za bastola za kisasa, nyeusi, za bei rahisi, na ujumbe kwamba nisiende kununua mambo ya kizamani. Lakini huyu mama aliiweka ile revolva juu ya kitambaa, nikaiona. Ya chuma kitupu, rangi ya bluu iliyokolea, mshikio wa mti umelainika kwa mkono wa mtu. Alisema ilikuwa ya mlinzi wa benki aliyestaafu, akaileta mwenyewe, akasema asiuziwe mjinga. Yule mama akanifungulia kile kigurudumu cha katikati, matundu sita, yako matupu, nikaangalia mwanga kupitia ndani. Akanionyesha kukizungusha polepole, tundu moja moja, na kila tundu likifika mahali pake linagonga, kta. Akaniambia nisogeze sikio. Nikasogeza. Kta. Kta. Hakuna lililochelewa, hakuna lililolegea.

Akanieleza kwamba haina mambo mengi. Unavuta, kigurudumu kinazunguka, nyundo inapiga. Risasi ikigoma, usihangaike nayo, vuta tena, inayofuata inakuja. Nilifikiri, kumbe humu ndani kila tundu lina zamu yake. Nikakukumbuka vibaya sana pale, Baba, ikabidi nijifanye naangalia bei. Na bei yenyewe ilinikaa kooni, lakini nilinunua. Ni kitu cha kwanza maishani mwangu nimenunua kizuri, si kile kinachofanana na kizuri.

Kamau alipoiona akasema, "Hii ni ya babu ya cowboy. Wenzako wanabeba risasi kumi na kitu. Wewe na sita zako, zikiisha utawaombea?"

Nikamwambia nitawaombea.

Kazi ngumu ilikuwa Mama. Unajua alivyo. Huku kuna siku moja ya kiangazi wanalipua fataki usiku kucha, na siku hiyo Mama anaingia bafuni, anafungua maji yote, anakaa kwenye kibao mpaka ziishe. Sikutaka kumficha. Nilimwambia mchana, jikoni, anasonga ugali. Hakuacha kusonga. Akaniuliza, "Itakaa humu ndani ya nyumba?" Nikamwambia ndiyo. Akasonga ule ugali mpaka ukawa kama tofali.

Hapo ndipo nilikumbuka ulivyofanya wewe. Bunduki uliileta nyumbani, lakini masasi yalibaki depo, hayakuwahi kulala kwetu hata siku moja. Nikamwambia Mama nitafanya kama Baba. Revolva kwenye kisanduku chake cha chuma, tupu. Risasi kwenye kisanduku kingine, mbali. Ufunguo wa risasi nitakaa nao mimi. Ufunguo wa revolva utakaa na yeye. Siku ya kazi namwomba, ananipa. Jioni namrudishia.

Aliupokea. Aliufunga kwenye ncha ya kitenge chake, fundo lile lile alilokuwa anafungia vitu njiani tulipokimbia vita. Na ule ugali tuliula.

Baada ya hapo nikaanza kwenda kulenga shabaha, ukumbi wa ndani, una joto, unavaa vitu vya masikio. Nilitaka kuijua. Nilikuwa naenda, napiga polepole, nasafisha, narudi. Kila nilipovuta, ilitoka. Mwanzoni kila nikivuta nilikuwa nakunja uso, nasubiri isitoke, mpaka mwalimu pale akaniuliza kama macho yananiuma. Lakini baadaye uso uliacha kukunjika wenyewe. Nilikuwa najua itatoka kabla haijatoka. Baba, sikuwahi kujua kwamba mtu anaweza kushika kitu na moyo usiwe na swali. Niliendesha gari kurudi nyumbani siku hiyo naimba.

Sasa sikia.

Mtihani uliwekwa nje, uwanja wa shabaha ulio wazi, asubuhi, baridi ya kukata masikio. Wiki chache kabla yake sikwenda kulenga, kazi zilibana, revolva ikabaki kisandukuni kwa Mama. Asubuhi hiyo nikamwomba ufunguo. Akafungua fundo, akanipa, akanishika kichwa kwa kiganja kizima, akaniambia, "Enda, papa." Bado ananiita papa, kama nilivyokuwa mdogo. Kisanduku nikakiweka kwenye buti la gari, nyuma kabisa, kama sheria inavyotaka. Tulikuwa watu kadhaa, tukasubiri kwenye kibanda chenye hita. Silaha ziko kwenye magari. Kamau naye alikuwepo, kuhuisha cheti chake, anatania kila mtu.

Wakaniita. Nikatoa revolva, nikafungua kigurudumu. Kilifunguka kizito. Nikasema ni vidole vyangu vimekufa ganzi. Nikaweka risasi. Mtahini, mzee mmoja aliyewahi kuwa polisi, akasema, tayari, anza.

Nikavuta. Kidole kikafika katikati, kikasimama.

Nikavuta tena. Kigurudumu hakizunguki. Kama mtu amekishika kwa ndani.

Baba, nakwambia ukweli, wakati ule sikuwa kwenye theluji. Nilikuwa kwenye pazia, nakuangalia umekaa kitandani. Masikio yalikuwa yamezibwa lakini nilikusikia kabisa. Leo nimesimama na fimbo.

Yule mzee alikuja akaniambia niielekeze chini, akaichukua kwa utaratibu, akaitoa risasi kwa shida. Hakunigombeza. Alisema silaha yako haiko sawa, rudi wiki ijayo, lakini wiki ijayo ndiyo ya mwisho. Kamau hakunitania. Hapo ndipo nilijua ni jambo baya, Kamau anyamaze. Alinisindikiza mpaka kwenye gari, akasema, "Peleka kwa huyo mama wa duka. Umwambie akurudishie pesa zako. Na usiongee polepole kama unavyoongeaga."

Nilienda nimejaza maneno. Njiani nilikuwa nayasema kwa sauti, ndani ya gari, peke yangu. "Uliniambia itatoka. Mimi nimekuamini." Nilifika, nikaiweka juu ya meza, na yote niliyoyapanga yakabaki kwenye gari. Nikasema tu, "Haikutoka."

Yule mama alivaa miwani. Akajaribu kuzungusha, ikazunguka kwa uzito, maana dukani kuna joto ilikuwa imeanza kulegea. Akaifungua. Akatia kijiti chenye pamba ndani, akakitoa, kimevuta kitu cha njano, kizito, kama uji uliopoa. Akakiangalia. Akakinusa. Akaninyooshea mimi nami ninuse.

Nikanusa waridi.

Nilijua hapo hapo. Ungekuwepo ungejua na wewe. Mama ana chupa ya mafuta ya maombi, mafuta ya zeituni yenye harufu ya waridi, ananunua kanisani na kuibeba kwenye mkoba. Tulivyonunua gari, mchungaji alikuja kuliombea, akapaka tone kwenye usukani, lakini mchungaji alipoondoka Mama akaongeza, na mimi niliendesha gari wiki nzima mikono inateleza. Friji limepakwa. Mlango umepakwa. Esperance akienda kwenye mtihani anapakwa mpaka anafika shuleni kipaji kinang'aa. Mafuta yale kwenye joto la nyumba yanatiririka vizuri. Ila chupa ikisahaulika kwenye gari wakati wa baridi, nimeiona mwenyewe, yanaganda meupe kama mafuta ya ng'ombe.

Yule mama aliniuliza kwa upole sana kama kuna mtu nyumbani aliikaangia mayai. Nikaanza kucheka, Baba. Mimi, ndani ya lile duka ambalo sikuwahi kuongea. Nilicheka mpaka nikashika meza. Nikamweleza kwa Kiingereza changu kwamba mama yangu ameiombea, ameipaka mafuta ya Mungu. Aliangalia kile kijiti tena. Halafu akasema hajawahi kusafisha hayo, na kwamba bunduki haina kosa lolote, ni nzuri kama siku aliyoniuzia. Aliifungua yote, kipande kipande kwenye kitambaa, akanionyesha kila kimoja, akanipa mimi nikaiunganisha. Mwishoni akanipa kichupa cha mafuta ya bunduki na kuniambia tone moja hapa, tone moja pale, basi. Akauliza kama Mama anaweza kuomba bila kumimina.

Nyumbani nilimkuta Mama anachambua maharage. Nilitaka kukasirika. Njia nzima nilikuwa najaribu kukasirika. Nikamuuliza kama alifungua kisanduku. Akasema ndiyo, mimi niko na ufunguo, si ulinipa. Nikamuuliza alimimina kiasi gani. Akasema mpaka roho yake itulie.

Nikakaa. Nikamweleza yote, mtihani, baridi, nafasi yenyewe inavyoweza kupotea, darasa la jioni. Nikamwambia, "Mama, unaombea kitu kifanye kazi, halafu unakizuia kisifanye kazi."

Aliacha maharage. "Nani alikuambia niliomba ifanye kazi?" akasema. "Niliomba isipate kazi, papa. Hata siku moja. Ikae tu pale kwako, mpaka uzeeke."

Nikamwambia basi Mungu amesikia, ila amewahi kidogo.

Akacheka. Alicheka mpaka maharage yakamwagika, na Esperance akatoka chumbani kuuliza kuna nini, tukashindwa kumweleza. Halafu Mama akiwa bado anajifuta machozi akasema jambo lingine. Alisema, "Na ile ya baba yako, ulifikiri nani alikuwa anaiangalia?"

Baba, alikuwa anaipaka mawese. Kila Jumapili ukilala mchana. Anachukua kwenye kibuyu cha jikoni, anapaka na kumimina kule kunakoingia masasi, anaomba ombi lile lile. Na Bukavu asubuhi unajua baridi yake, mawese yanaganda mpaka unayakata kwa kijiko. Nikamuuliza, kwa hiyo ni wewe? Akasema yeye hajui, bunduki yenyewe ilikuwa nzee, labda ni uzee, labda ni mawese, labda ni Mungu. Kisha akaniambia kitu ambacho wewe hukuniambia. Kwamba wale watu wa depo walipogeuka kukimbia, wa mwisho ulimtambua. Alikuwa mtoto wa Mama Neema. Mama Neema wa kwaya, aliyekaa nyuma ya nyumba yetu, aliyekuwa akitukopesha chumvi. Na kwamba ndiyo maana mikono yako ilitetemeka mpaka asubuhi. Ulikuwa umevuta.

Miaka yote hii nimekubebea aibu ya ile fimbo. Nilidhani ulitetemeka kwa sababu haikutoka. Kumbe ulikuwa unatetemeka kwa sababu ingeweza kutoka.

Nakuuliza tu, na najua hutajibu. Ulijua habari ya mawese? Harufu yake haifichiki. Mtu anayekaa na bunduki magotini kutwa nzima, mikono na suruali vimekuwa vyekundu, hakujua? Nafikiri ulijua. Nafikiri ulimwacha.

Ile wiki nilimwita Mama mezani, nikatandika kitambaa, nikamwonyesha revolva ikiwa tupu, jinsi ya kuifungua, na tone linaingia wapi. Alivaa miwani yake ya kusomea Biblia. Alitaka kujua kila kitu kinafanya nini. Nilipomwekea kigurudumu sikioni akasikia kta, kta, akasema inagonga kama saa ya ukutani. Tukapatana. Revolva itapakwa mafuta yake ya duka, tone kwa tone, na mimi ndiye nitakayepaka. Yale ya waridi atanipaka mimi. Na mimi sigandi, akasema, nina damu.

Asubuhi ya marudio alinipaka viganja vyote viwili na kipaji. Nikafika uwanjani nanukia kama harusi. Kamau akanusa, akaangalia pembeni, akasema, "Leo umekuja na kanisa lote." Nilipangusa mikono vizuri kwa kitambaa, maana nimejifunza. Baridi ilikuwa ile ile, pengine zaidi. Wakaniita. Kigurudumu kikafunguka chepesi. Nikaweka sita. Tayari, anza.

Ikatoka. Kila nilipovuta, ikatoka. Uso wangu haukukunjika.

Yule mzee aliangalia karatasi yangu ya shabaha, akatia sahihi, akanishika mkono. Nadhani mkono wake ulinukia waridi mpaka jioni.

Sasa niko mlango wa mbele. Nasimama pale mchana, mahali pa joto, wafanyakazi wanaingia wananisalimia kwa jina, na mimi nimeanza kuwajibu kwa sauti inayosikika. Revolva iko kiunoni. Toka nimeanza haijatoka kwenye mfuko wake, na ninavyoifahamu, nikiihitaji itakuwa tayari. Ndiyo sababu siihangaikii. Naangalia watu badala yake, naangalia mikono yao na nyuso zao kama nilivyokuwa naangalia kule dukani. Nimegundua mtu akiwa na hakika na alichonacho anakuwa mpole. Juzi aliingia kijana anapiga kelele, kumbe mke wake amelazwa na yeye amekosea jengo. Nilimtoa nje polepole, nikamwonyesha njia, nikamsubiri ashushe pumzi. Mkono wangu haukwenda kiunoni hata kwa mawazo. Nikajiambia, Mama anaomba vizuri.

Jioni niko darasani. Mwalimu ananipa vitabu vya watoto na mimi navisoma bila aibu. Siku nyingine barua kama hii nitaiandika kwa mkono, na Esperance atakosa la kusahihisha.

Nikifika nyumbani namrudishia Mama ufunguo. Anaufunga kwenye kitenge, anakaza fundo, anauliza, "Imepata kazi leo?" Namwambia haijapata. Anasema asante Yesu, anapakua chakula.

Lala vizuri, Baba. Ulikaa mlangoni vya kutosha, na bunduki yako, kwa mawese au kwa uzee, ilifanya ilichotakiwa kufanya. Mlango huu ninao mimi. Kamau akiniambia tena kwamba mtu hawezi kuwa shifti, namwachia acheke. Mimi najua nimekaa kwenye kiti cha nani.

Ni mimi mwanao,
mtoto wa Zamu, na sasa zamu mwenyewe